Kibali wanacho, lami ndo hatuna

Jumamosi moja mwezi wa pili, saa moja asubuhi, nimeamshwa na msumeno wa kukatia lami. Nikatoka na kandambili na taulo begani maana moyo ulishaniambia. Lami yetu ilikuwa na miezi minne. Minne jamani! Tumeisubiri toka mwanangu wa kwanza yuko chekechea na sasa hivi yuko fomu wani, tumekula vumbi, tumevuka madimbwi viatu mkononi, kila masika tunachangishana hela ya kifusi, na siku rola linapita watoto walikuwa wanalifata nyuma kama matarumbeta ya harusi. Leo jitu limeinama katikati ya barabara linaikata kama keki.

Nikamfata msimamizi wao nimejaa kweli kweli. Kesi nilikuwa nimeshaiandaa kichwani, nyie hamna kibali, naita mwenyekiti wa mtaa, naita polisi, hapa hamchimbi. Jamaa wala hakushtuka, akaenda kwenye pikapu akatoa faili, "Kibali hiki hapa mzee wangu, soma tu." Mhuri upo, sahihi ipo, risiti ya malipo imebanwa pini pembeni. Nikabaki nimeshika karatasi sina la kusema. (Nina miaka 41 by the way, kuitwa mzee saa hizo nikiwa na taulo ndo kuliniumiza zaidi.)

Sasa hapo ndo hasira yangu ilipohama. Siku zote tunalalamika kwamba barabara zinachimbwa kiholela. Kiholela ingekuwa afadhali, mtu akichimba kiholela unamkamata! Huyu amefata utaratibu. Sheria ya Barabara ipo toka 2007, hugusi hifadhi ya barabara, yani barabara na eneo lake la pembeni, bila ruhusa ya mwenye barabara, na yeye ameomba, kalipa, kapewa. Ile karatasi niliisoma mpaka nyuma. Imeandikwa urefu wa mtaro wa bomba la maji, upana, siku za kazi, kiasi kilicholipwa. Hakuna mahali palipouliza hii lami unayotaka kuikata ina umri gani. Yani aliyegonga mhuri hakutakiwa hata kujua kwamba tulikuwa bado hatujamaliza kuifurahia.

Ndo maana nasema tatizo siyo vibali kukosekana, ni vibali kutolewa kama tiketi za daladala. San Francisco wakishaweka lami mpya, mtaa unafungwa miaka 5, huchimbi labda uwe na dharura au sababu nzito. New York hivyo hivyo, miaka 5. Uingereza sheria yao ya 1991 inamruhusu mwenye barabara kutangaza kabla ya kazi kubwa kwamba jamani tunataka kutengeneza hapa, mwenye shida yake chini ya ardhi aje aimalize sasa hivi, tukishamaliza tunafunga mlango. Ni hicho tu. Haihitaji mfadhili wala semina Dodoma. Ni barua kwa wenye maji, wenye umeme na wenye mkonga wa intaneti, miezi sita kabla mkandarasi hajashusha kokoto. Na wenyewe siyo malaika, huko nako watu wanatukana mashimo kila siku, mpaka London toka 2012 kwenye barabara zao zenye foleni wanatoza anayechimba hadi paundi 2,500 kwa siku, maana bila hivyo mtu anafungua shimo lake anaenda kunywa chai. Letu lilikaa wazi siku tisa. Vijana wa kijiweni wakaweka ubao, pikipiki kuvuka mia mbili. Siwalaumu, angalau wao walikuwa na huduma.

Halafu kuna lile jibu la ofisini, "lakini si wamelipia gharama za kurudishia?" Hili linanitoa machozi kabisa. Kurudishia nini? Ile nyeusi ya juu siyo barabara, ile ni ngozi. Barabara yenyewe iko chini, kokoto, chini ya kokoto kifusi, chini ya kifusi udongo, na kila tabaka ilimwagiwa maji ikapitiwa na rola mpaka ikawa kama jiwe, sisi wenyewe tulisimama tunaangalia, nyumba zilikuwa zinatetemeka hadi vikombe vinagongana kabatini. Ukishatoboa mtaro hapo kazi ya kuurudisha ni ile ile, unajaza kidogo, kama sentimita kumi na tano hivi, unashindilia, unajaza tena, unashindilia tena. Wenzetu walifanyaje? Chepe. Walisukumia vyote kwa mpigo, udongo, mifuko ya saruji, mabonge ya lami yetu wenyewe, chupa ya maji ya mmoja wao nimeiona kwa macho yangu inazikwa, halafu dereva akapitisha pikapu juu, mbele nyuma mara mbili. Ndo rola hilo. Juu yake zege nyembamba, wakapanda gari wakaondoka wanatupungia mikono.

Na ule mtaro hauharibu pale ulipopita tu. Udongo wa pembeni ulikuwa umebanana, ukitoa wa katikati huu unakosa pa kuegemea, unalegea, kwahiyo ile lami ya kando ambayo hujaigusa nayo imebaki inaning'inia. Kwenye mshono maji yanaingia. Mvua za kwanza tu za masika kiraka kimezama kama godoro la gesti, na pembeni lami imeanza kuchanika vipande vipande. Bajaji zote sasa zinakwepa kushoto, yani kwenye meza ya mama wa chapati, ambaye kila nikipita ananiuliza "baba, wale watu wa faili watarudi lini?" kama vile niliwaleta mimi. Uingereza aliyechimba anabaki na dhamana ya kiraka chake miaka 2, na 3 kama shimo lilizidi kina cha mita moja na nusu. Letu dhamana iliisha vumbi la pikapu lilipotulia. Mimi ningesema hela yao ikae mahali mpaka masika mawili yapite, kiraka kikizama hela hairudi. Mtaona watu watakavyojua kushindilia.

Mtasema kuna mtu amekula kitu kidogo. Sina ushahidi, na kusema kweli ningefarijika, maana rushwa naielewa.

Haya, najua pia bomba likipasuka usiku hatuwezi kusubiri miaka mitano, lichimbwe. Na mimi mwenyewe siyo msafi sana. Kabla ya lami mwenyekiti alipita nyumba kwa nyumba, anayetaka kuvusha maji avushe sasa. Mimi nilivusha. Nyumba tatu zikasema mpaka mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi ukawa miaka miwili, na leo ndo wanaochimbiwa. Ni majirani zangu, tunazikana, sitaki kuwasema sana. Lakini hata wao wasingetuchimba kama mkandarasi angelaza mabomba matupu kukatiza barabara kila baada ya nyumba kadhaa, mwenye waya au mpira wake anaupitisha humo, lami haiguswi. Gharama yake ni bei ya hayo mabomba tu!

Kinachonichosha ni kwamba kulinda barabara tunajua sana tukitaka. Jenga kibaraza kwenye hifadhi uone X nyekundu ya kubomolewa, waulize wa Kimara, Dar es Salaam, waliobomolewa mwaka 2017. Huyo huyo mama wa chapati meza yake ikisogea hatua moja kwenye lami wanamjia mgambo watatu na anapewa dakika kumi. Meza! Haina hata misumari ya kutosha, na lami haiwezi kuikwaruza.

Nilikuwa nimeshamaliza kuandika haya, jana jioni narudi nikakuta alama za rangi ya njano mbele ya duka la dawa, mshale na namba, zinaelekea kwetu. Nimeuliza dukani, nimemuuliza mwenyekiti, hakuna anayejua ni za nani. Kesho Jumamosi. Leo nalala na suruali.