Kauboi mweusi alipotelea wapi?

Waliokulia kwenye mabanda ya video wanaijua kanuni: steringi hafi. Filamu za kauboi zilikuwa na kanuni ya pili ambayo hakuna aliyeitaja: steringi ni Mzungu, na Wahindi Wekundu wapo ili wadondoke kutoka juu ya farasi. Tulikuwa tukishangilia. Leo, hasa huko Marekani zilikotoka, watu wanabishana kama filamu hizo zilaumiwe au zisamehewe.

Utetezi unaosikika zaidi ni kwamba ya jana hayapimwi kwa pishi ya leo. Siukatai wote, ila una tundu. Wanahistoria wengi hukadiria kuwa karibu kauboi mmoja kati ya wanne, miongoni mwa walioswaga ng'ombe kutoka Texas baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861–65, alikuwa mweusi. Bass Reeves, aliyezaliwa utumwani, alikamata wahalifu kwa zaidi ya miaka 30 akiwa naibu marshali, yaani askari wa serikali kuu. Hapo bado hujawataja Wameksiko, ambao kazi yenyewe ya ng'ombe ilianzia kwao. Kwa hiyo hata ukiipima jana kwa pishi yake yenyewe, kibaba hakijai.

Chukua filamu ya The Searchers ya 1956. Chifu wa Wakomanchi, kabila la Wahindi Wekundu, Scar, aliigizwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Ujerumani, tena mwenye macho ya buluu. Wapiganaji wake waliigizwa na Wanavajo, kabila jingine, kwa kuwa picha zilipigwa Monument Valley, kwenye ardhi yao, ingawa kisa ni cha Texas. Watetezi hukumbusha kwamba mwongozaji, John Ford, aliwapa Wanavajo kazi tangu Stagecoach ya 1939, wakati wa dhiki kubwa. Ni kweli, na njaa haina hoja. Lakini walilipwa kuanguka. Maneno akapewa mwingine.

Hata hivyo, filamu hiyohiyo inampa Scar sababu ya chuki yake: Wazungu waliwaua wanawe wawili. Na steringi, John Wayne, anayapiga risasi macho ya maiti ya Mkomanchi kaburini ili, kwa imani ya Wakomanchi, roho yake itangetange. Shujaa gani huyo? Utotoni hatukujiuliza, maana tulikuwa tukingoja mapigano. Ukiitazama ukubwani, unaona Ford anamuumbua mtu wake mwenyewe.

Ushahidi mkubwa kwangu, kwa pande zote mbili, ni The Man Who Shot Liberty Valance ya 1962. Woody Strode, mwigizaji mweusi, ni Pompey, mfanyakazi wa John Wayne. Yuko darasani, nyuma yake picha ya Lincoln, rais anayekumbukwa kwa kukomesha utumwa, anaghani Azimio la Uhuru wa Marekani. Anakwama palepale penye maneno kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mwalimu, James Stewart, anamwambia asijali: wengi husahau sehemu hiyo.

Utani huo ni mchungu, na aliyeutunga alijua anachokifanya. Kisha Wayne anaingia darasani na kumrudisha Pompey kazini. Strode alikuwa amevuka miaka 45 wakati huo, na katika filamu bosi wake bado anamwita "kijana wangu".