Kondensa Mpya au Brashi?

Mafundi wa mitambo ya spiriti huku kanda ya ziwa wana ubishi usiokwisha. Mnara wa kukeneka, yaani wa kutenganisha spiriti kwa kuichemsha iwe mvuke, ukianza kusumbua, presha ikapanda na mvuke wa spiriti ukapotelea hewani, kundi moja husema kondensa, yaani kifaa kinachopoza mvuke kwa maji yapitayo kwenye mirija hadi ugeuke kimiminika, imezidiwa, inunuliwe kubwa zaidi. Jingine husema ifunguliwe ioshwe. Mimi niko na hawa wa pili, ingawa wenzetu wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri.

Hoja yao inaanzia kwenye Mwanza yenyewe. Ziwa liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi, hivyo ethanoli inayochemka kwa nyuzi 78 kule pwani, hapa huchemka karibu na 75. Maji ya ziwa nayo ni vuguvugu, nyuzi 24 hadi 27 sehemu ya juu. Joto huhama kwa kadiri mvuke unavyoyazidi maji nyuzi, na sisi tumeshapunjwa pande zote mbili kabla boila haijawashwa. Kondensa iliyopigiwa hesabu ya maji ya nyuzi 15, ikafungwa kwenye viwanda vya Nyakato hapa Mwanza vilevile ilivyo, haiponi kwa brashi. Uzalishaji ukiongezwa ni hivyo hivyo: kama kwa kila kilo ya spiriti inayotoka kilo tatu hurudishwa mnarani, kondensa imebeba mzigo wa kilo nne.

Lakini ni mara ngapi tatizo huwa hilo? Nimewahi kusimama na tochi mbele ya kondensa iliyofunguliwa kifuniko. Mirija kadhaa ilikuwa imezibwa na makombe ya konokono na vipande vya magugu maji. Iliyobaki ilikuwa na utelezi wa kijani ndani, unavutika kama mlenda. Utelezi ule karibu wote ni maji, na maji yaliyotulia hupitisha joto kwa shida. Piga hesabu: mrija safi unaopitisha wati 600 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja, ukipata utando wa milimita 0.3 tu, unashuka hadi kama 460. Karibu robo ya kondensa imeondoka, na kwa nje inang'aa kama mpya.

Kuna wanaotaka mirija ya chuma ing'olewe iwekwe ya shaba. Shaba ni bingwa wa kupitisha joto, lakini ukuta wa mrija ni mwembamba mno. Faida yake haifikii hata ile ya kuusugua.

Kinachosahaulika zaidi ni hewa. Togwa lililochachuka huingia mnarani na gesi yake ya kaboni, na hewa hupenya kwenye viungio. Gesi hizi hazigeuki maji. Hujikusanya kandokando ya mirija baridi, na mvuke unalazimika kupenya katikati yake. Kiasi kidogo tu kinatosha kuangusha kazi ya kondensa nzima. Dawa ni vali ya kutolea gesi, ikipitia kwanza kipoza kidogo ili spiriti isitoke nayo, maana mvuke huo unashika moto.

Kuongeza kasi ya maji nako kunasaidia. Chini ya mita moja kwa sekunde tope hutuama. Ila ukiiongeza kasi mara mbili, pampu inasukumana na ukinzani wa karibu mara nne, na bili ya umeme inafuata.

Jambo moja pande zote mbili hulipita kimya, nalo linaniuma. Kondensa, iwe mpya au imeoshwa, haifuti joto, inalihamisha. Ukivuta maji ziwani na kuyarudisha ya moto ufukweni, unawachochea mwani wale wale wanaorudi kwenye mirija yako, katika ziwa ambalo mji unachota maji ya kunywa pale Capri Point. Mnara wa kupozea maji, unaoyapoza kwa hewa ili yatumike tena, unagharimu, lakini kiangazi cha Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu, hufanya kazi vizuri. Kwa kiwanda cha ufukweni, fedha ya kondensa kubwa ningeielekeza huko.