Muuaji akiapa kuwa hana wazimu, tumwamini kwa lipi?

Hadithi zetu za jioni huanza kwa ruhusa: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Uongo umekaribishwa mbele ya watu, kwa hiyo hakuna anayemdai bibi ushahidi kwamba sungura alimlaghai fisi. Msimulizi wa The Tell-Tale Heart, hadithi fupi ya Mmarekani Edgar Allan Poe iliyotoka Januari 1843, anaingia kwa mlango mwingine kabisa. Anaapa kuwa ana akili zake timamu, na kwamba utulivu wake wa kusimulia ndio uthibitisho. Hapo ndipo sisi tulioisoma pamoja Mikindani, barazani kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa mahakama, tulipogawanyika.

Kisa chenyewe ni hiki. Msimulizi anaishi na mzee ambaye, kwa maneno yake, anampenda. Mzee ana jicho la buluu lenye utando, kama la tumbusi, nalo linamkosesha raha. Usiku saba mfululizo, saa sita, anamchungulia kwa taa iliyofunikwa. Wa nane anamuua, anamkatakata na kumficha chini ya mbao za sakafu. Saa kumi wanabisha hodi polisi watatu, jirani kasikia ukelele. Anawapokea kwa bashasha na kukaa juu ya maiti hasa, mpaka anapousikia moyo wa marehemu ukidunda na kukiri kwa kupiga kelele.

Karani mstaafu alikuwa mkali. Mtu anayesema anasikia ya mbinguni, ya duniani na mengi ya kuzimu, ushahidi wake unatupwa wote. Akaongeza jambo ambalo bado sijaweza kulipuuza: hadithi inakatikia kwenye kukiri. Hakuna anayeonekana aking'oa ubao, hakuna polisi anayeiona maiti. Polisi waliambiwa mzee amesafiri kwenda shamba. Huenda kweli yuko shamba!

Mwalimu kijana wa sekondari akamjibu, "Babu, ukitupa yote, utabaki unasoma nini?" Hoja yake ni kwamba mwongo huwa mwangalifu pale anapotaka kuaminiwa, na huteleza pale asipodhani anatazamwa. Jirani aliyesikia ukelele hamfaidii msimulizi kitu, wala wale polisi. Mtu anayejisifia ujanja asingejibunia watu wa kumwumbua. Basi tuyaamini yanayomponyoka na tuyatilie shaka anayoyasisitiza.

Mimi niko upande wa mwalimu, ila yeye alikomea kwenye mauaji, na uongo mkubwa naona uko kwenye sababu. Msimulizi anasema hakuwa na chuki, wala hakuitamani dhahabu ya mzee. Kisha anajikuna kichwa mbele yetu na kusema anafikiri ni lile jicho, naam, ndilo. Mtu gani anaikisia sababu yake mwenyewe ya kuua? Na dhahabu ambayo hakuna aliyemuuliza inarudi polisi wanapofika: anawaonyesha hazina ya mzee, haijaguswa. Tena hatuambii ni nani wake. Ni mwana, mtumishi au mpangaji? Huku kwetu hilo lingekuwa swali la kwanza msibani, na yeye analiruka.

Mdundo nao una maelezo. Mara ya kwanza anausikia mzee akiwa hai gizani, anaulinganisha na mlio wa saa iliyoviringishwa kwenye pamba. Mbele ya polisi anautaja kwa mfano uleule, karibu neno kwa neno. Mara zote mbili moyo uliokuwepo ukipiga kwa hofu ni wa msimulizi mwenyewe. Lakini mapema kidogo amedokeza kwamba usiku baada ya usiku amekuwa akisikiliza vidudu vya ukutani. Ni mbawakawa watoboao mbao kuukuu, wanaogonga vichwa vyao wakitafutana kujamiiana. Waingereza wa zamani waliuchukulia mlio huo kuwa dalili ya kifo, kama watu wanavyoshtuka bundi akilia juu ya paa. Kwa hiyo sauti huenda ilikuwepo kweli, na wazimu ukawa katika kusema ni moyo wa marehemu. Kati ya moyo wa msimulizi na mdudu, mimi nachagua moyo, maana sauti inapanda kadiri anavyohangaika, na mdudu hana habari na polisi.

Mwalimu akamgeuzia karani sheria yake. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 12, humchukulia kila mtu kuwa na akili timamu hadi ithibitishwe vinginevyo. Cha 13 kinamwondolea hatia mgonjwa wa akili asiyeelewa atendalo. Mizizi ya kinga hiyo ni kesi ya Daniel M'Naghten huko Uingereza, mwaka uleule wa 1843. Mbele ya hakimu, majigambo ya msimulizi kuhusu tahadhari na maficho yake yangempa mwendesha mashtaka kila anachohitaji: alijua alichokuwa akifanya. Iweje awe timamu kizimbani na mwehu kwenye kitabu?

"Mjukuu wangu," akajibu karani, "hakimu lazima atoe hukumu. Mimi sina haraka." Kisha akaomba turudie ukurasa wa zile mbao, kuona kama kuna mahali damu imetajwa na mtu mwingine. Hakuna. Msimulizi mwenyewe anajisifu kuwa yote iliingia kwenye beseni.