Basi Linalomfuata Abiria: Linafaa Wapi?

Wanaotaka njia za mabasi zibadilike kulingana na mahitaji ya abiria wana hoja yenye uzito. Katika maeneo ambayo nyumba zimetawanyika, basi la njia maalumu, yaani njia isiyobadilika, hupita likiwa na viti vitupu, ilhali mzee anayeishi mbali na kituo hana namna ya kulifikia. Kwa programu ya simu, au hata kwa kupiga simu tu, maombi ya safari hukusanywa na basi dogo likapangiwa mzunguko wa kuwapitia walioomba.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya gharama za kuendesha basi ni malipo ya dereva, na mizunguko hiyo hula muda wake. Kila anapochepuka kumfuata abiria mmoja, waliokwisha kupanda hucheleweshwa, na idadi anayoweza kuihudumia kwa saa hubaki ndogo. Abiria wakiongezeka, basi la njia maalumu huwa nafuu zaidi kwa kila mmoja wao. Huduma ya kuitwa hudai magari na madereva zaidi.

Helsinki, mji mkuu wa Finland, iliyaona hayo kupitia Kutsuplus, huduma iliyoanza mwaka 2012, ikafikisha mabasi madogo 15, na kufungwa mwishoni mwa 2015 kwa sababu ya mzigo wa ruzuku, ingawa watumiaji waliipenda. Watetezi wake husema magari 15 hayatoshi jiji zima, kwa kuwa safari za uelekeo mmoja huoanishwa vizuri pale magari yanapokuwa mengi. Ni kweli, ila magari hayo mengi yangehitaji kwanza fedha ambazo hazikuwapo. Mji wa Innisfil nchini Kanada ulianza mwaka 2017 kuchangia nauli za Uber badala ya kuanzisha mabasi. Kufikia 2019 ulikuwa umepandisha nauli na kuweka kikomo cha safari 30 kwa mwezi. Huduma ya umma inayolazimika kuwapunguza watumiaji kwa sababu imependwa (jambo la ajabu kidogo) ina kasoro katika mpango wenyewe.

Kwa maoni yangu, mfumo wa kuitwa ubaki kwa safari za usiku, vijijini na kwa watu wenye ulemavu. Kwingineko, basi lifike vituo vikuu kwa saa inayojulikana, liruhusiwe kuchepuka katikati kwa dakika zilizotengwa ndani ya ratiba, ili hata asiye na simu aweze kulisubiri kituoni. Na kabla huduma haijaanza, itangazwe ni abiria wangapi kwa saa watakaofanya eneo lirudishiwe njia maalumu.