Siku 15 za kubofya kiungo

Ukisajili jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, linaloishia na .com au .org, haichukui muda barua pepe inaingia: thibitisha kwamba anwani hii ni yako, bofya hapa. Una siku 15. Zikipita bila jibu, msajili aliyekuuzia jina hilo anatakiwa akuhakiki mwenyewe kwa njia nyingine, la sivyo alisimamishe. Sharti hilo limo katika mkataba wa mwaka 2013 kati ya kampuni za usajili na ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti. Vikoa vya nchi, kama .tz au .ke, vina kanuni zake.

Chimbuko lake linaeleweka. WHOIS, daftari la kuonyesha nani ni nani mtandaoni, lilianza mwaka 1982, enzi ambazo watumiaji walikuwa wachache na wengi wao wakijuana. Kompyuta ya mtu ikileta vurugu, ulimtafuta humo ukampigia simu. Umma ulipoingia, zikaingia pia anwani za uongo na namba za simu za sifuri tupu. Polisi na wenye alama za biashara wakalalamika, na uhakiki ukawa jibu.

Lakini unahakiki nini hasa? Kwamba kuna mtu anayefungua sanduku lile la barua, basi. Tapeli hufungua anwani ya bure asubuhi, akabofya kiungo, akaendelea na shughuli zake. Tena yeye ndiye mwepesi kuliko wote, maana anaisubiri barua hiyo. Tovuti ya kuiba nywila za benki humaliza kazi yake kwa saa chache; kwake siku 15 ni umri mzima.

Anayenaswa ni mtu mwema aliyesahau. Tovuti yake ilitengenezwa na fundi aliyetumia anwani yake mwenyewe, kisha wakapotezana. Au, na hili ndilo linaloudhi zaidi, anwani ya usajili iko ndani ya kikoa chenyewe: kikoa kikisimamishwa, barua pepe nayo inakufa, na kiungo cha kumkomboa kinatumwa kule kule kusikofika kitu. Isitoshe, miaka yote tumeambiwa tusibofye viungo vya barua za haraka haraka. Matapeli wanalijua hilo, nao huiga barua za uhakiki.

Hata hivyo nisingeufuta uhakiki huu. Anwani iliyo hai humfikishia mwenye kikoa taarifa kwamba muda wa jina unaisha, kwamba mtu anajaribu kulihamisha, au kwamba tovuti yake imevamiwa. Faida hiyo ni ya mwenye jina kuliko ya mpelelezi, na ndiyo sababu naona adhabu ya kuzima kila kitu haina mantiki.

Wapo wanaotaka ukali zaidi. China hudai vitambulisho kwa vikoa vya .cn, na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2022 kuhusu usalama wa mitandao, NIS2, linataka taarifa za usajili ziwe sahihi na zihakikiwe. Kitambulisho humsumbua mhalifu kuliko kiungo, sikatai, ingawa vitambulisho vya wizi navyo vipo. Bei yake hulipwa na wengine. Tangu sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data ianze kutumika Mei 2018, majina ya watu wengi yamefichwa machoni pa umma, ila faili bado liko kwa msajili. Mkosoaji wa serikali anayeendesha tovuti hulazimika kuamini kwamba faili hilo halitavuja wala kuombwa na mkubwa fulani.

Kwa mtazamo wangu, kiungo kibaki, na asiyejibu azuiwe kuhamisha jina au kubadili taarifa huku tovuti na barua vikiendelea kufanya kazi. Kitambulisho kidaiwe pale tu panapokuwa na malalamiko yenye ushahidi. Kampuni za usajili zitasema kuchunguza malalamiko kunahitaji watu, ilhali barua inayotumwa na kompyuta yenyewe haidai mshahara. Ni kweli, na nadhani hapo ndipo siri ya umaarufu wa kiungo ilipo.