Kamba Iko Mguuni, Si Shingoni

Jumamosi nikiwa soko la Kibuye, Kisumu, nanunua kuku, mpwa wangu akanipigia simu huku analia. "Shangazi, nimeisha. Nimetolewa karata ya mtu aliyenyongwa." Alikuwa amemtumia mia tano kwa M-Pesa mama fulani wa mtandaoni anayesoma taroti, zile karata za picha za kupigia ramli, naye akamwambia ajiandae, mwaka huu utamkaba koo. Ila kwa mia tano nyingine mkosi unaondoka. Mia tano kufunga, mia tano kufungua.

Nikamwambia anitumie hiyo picha. Nikaitazama palepale, kuku nimemshika miguu mkono wa pili.

Kanyongwa na nani? Kamba iko mguuni! Amefungwa kifundo cha mguu wa kulia, ananing'inia kichwa chini, na mguu wa kushoto ameupitisha nyuma ya mwenzake kama mzee anayepunga upepo kibarazani. Kwa Kiswahili kunyongwa ni shingo. Aliyeipa karata hii jina hilo kwetu alifungua kamusi, macho akayaacha nyumbani. Huyu amening'inizwa. Uso wake hauna hata mkunjo. Kichwa kimezungukwa na mwanga wa njano, kama wa watakatifu kwenye madirisha ya kanisa. Na mti wenyewe, uliosimama kama herufi T, una majani mabichi. Mliona wapi mti wa kunyongea watu ukichipua?

Pamela Colman Smith alichora yote hayo London mwaka 1909, karata 78, kwa malipo kiduchu, na hadi leo wengi wanaziita kwa jina la mchapishaji na la Waite aliyempa kazi. Alama yake aliiacha pale pembeni chini. Hata hiyo wasomaji wetu wa mia tano hawaioni.

Haya, nakubali moja, shingo upande. Waitalia wa zamani, waliokuwa wakizicheza karata hizi kama mchezo tu tangu karne ya 15, hii waliiita Msaliti, na kwao wasaliti walichorwa ukutani wakining'inia kwa mguu ili waaibike. Kwa hiyo woga haukutoka hewani. Lakini Pamela amemzungushia mwanga kichwani, na sijaona msaliti anayepewa mwanga. (Ile ya Kifo, namba 13, nayo ina jua kule nyuma kati ya minara miwili. Tuiache.)

"Huyu anasubiri tu," nikamwambia mtoto, ambaye tangu Januari anangoja barua ya kazi. "Ametulia, anautazama ulimwengu kutoka upande mwingine."

"Na akimaliza kusubiri, shangazi?"

Nikamwangalia yule kuku. Kichwa chini, kimya, jicho wazi, hana papara yoyote. Mwenye kuku naye akauliza kama amchinje hapo hapo.

Nikamwambia hapana. Mpaka leo yuko nyuma ya nyumba, anachakura.