Kabla ya kuomba fedha za miche, omba fedha za kupima maji

Andiko langu la kwanza la kuombea kijito ruzuku lilikuwa na miche 5,000, picha za kingo zilizobomoka na bajeti iliyopangwa mpaka senti ya mwisho. Mfadhili alilirudisha na swali moja: tope linatoka wapi? Sikuwa na jibu. Kikundi chetu kilikuwa kimeliona tope hilo kila msimu wa mvua, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulifuata lilikoanzia.

Tuliomba upya, safari hii fedha kidogo tu, za kupima. Kifaa chetu kikuu kilikuwa bomba la plastiki linaloonyesha ndani, lenye kisahani cheusi na cheupe kwenye kitako. Unalijaza maji ya kijito, unayapunguza taratibu huku ukichungulia kwa juu, na kisahani kikionekana unasoma kina kilichobaki. Tulipima kila baada ya mvua kubwa, juu na chini ya kila mahali ambapo tawi linaingia. Msimu haujaisha, tukajua kwamba tope jingi linapita kwenye tawi moja. Tulipolifuata likatufikisha kwenye kalavati ya barabara, inayomwaga maji yake kwenye mteremko mtupu uliokwisha kuchimbika korongo. Miche yetu yote ingepandwa mbali chini ya tatizo, na mafuriko ya kwanza yangeizoa.

Ndiyo maana nashikilia kwamba ruzuku ya kwanza ya kijito chochote iwe ya kupima na kupanga, hata kama wanakikundi wana hamu ya kushika jembe. Baadhi ya wafadhili wameliweka hili kuwa sharti. Nchini Marekani, fedha za kifungu cha 319 cha Sheria ya Maji Safi, kilichoongezwa mwaka 1987, kwa kawaida hutaka miradi ya urejeshaji itokane na mpango wa bonde zima wenye vipengele 9, vikiwemo vyanzo vya uchafuzi, kiasi kinachotarajiwa kupungua, gharama, ratiba na namna ya kupima matokeo. Wapo wanaouona mpango wa namna hiyo kuwa urasimu. Mimi nauona ni mtaji, kwa sababu ukishauandika mara moja unaweza kuupeleka kwa mfadhili wa pili na wa tatu.

Kuhusu mchango wa mwombaji, ambao wafadhili wengi huudai, vikundi vidogo huogopa bure. Mara nyingi nguvu kazi ya kujitolea inahesabiwa, ilimradi kuna daftari lenye majina, tarehe, saa na sahihi. Lianzeni siku ya kwanza. Daftari lililojazwa kwa kumbukumbu mwishoni mwa mradi halimshawishi mkaguzi. Hatari kubwa zaidi ni ruzuku ya kurejeshewa, ambapo unalipa kwanza kisha unadai kwa risiti. Kikundi kisicho na akiba kinaweza kukwama katikati ya kazi huku barua ya kukubaliwa iko mezani. Ulizeni jambo hili kabla ya kutia sahihi.

Nina lawama kwa wafadhili pia. Mwaka 2005 watafiti nchini Marekani walichapisha uchambuzi wa rekodi za miradi zaidi ya 37,000 ya kurejesha mito, wakakuta kama asilimia 10 tu ndiyo iliyoonyesha ufuatiliaji wowote. Inaniuma sana. Mche unahitaji kupaliliwa na kulindwa dhidi ya mifugo miaka kadhaa, ilhali ruzuku nyingi hufungwa mapema, picha za siku ya kupanda zikishapigwa. Tunalipwa kupanda, hatulipwi kutunza.

Fedha za kutunza nadhani zitafutwe kwa wanaoyahitaji maji yenyewe. Quito, mji mkuu wa Ekuado, ilianzisha mfuko wa kulinda vyanzo vyake mwaka 2000, na shirika la maji la jiji huuchangia sehemu ya mapato ya mauzo ya maji. New York ilifikia makubaliano mwaka 1997 na jamii za milima ya Catskill, yanakotoka maji yake mengi, ikagharimia utunzaji wa ardhi ya huko juu na hivyo kuepuka kujenga mtambo wa kuchuja maji ya huko ambao ungegharimu mabilioni ya dola.

Sisi tulianza kwa kubeba vipimo vyetu hadi kwenye mtambo wa maji ulio chini ya kijito, tukaomba kuona rekodi za shabu wanayotumia kutuliza tope. Mhudumu alifungua kitabu chake, sisi tukafungua chetu. Siku ambazo kisahani chetu kilichelewa kabisa kuonekana ndizo alizomwaga shabu nyingi kuliko zote. Andiko letu lililofuata lilianza na kurasa hizo mbili, zikiwa zimewekwa bega kwa bega.